Mwalimu Aliyeutetea Ukuta

Nimekaa na watu wanaobishana juu ya siasa, juu ya mpira, na juu ya ng'ombe wa nani alikula mahindi ya nani. Lakini Mwalimu ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeweza kuacha chapati ikapoa mezani kwa sababu ya ukuta ulioko mpakani mwa Marekani na Meksiko, nchi mbili ambazo hakuwahi kuzikanyaga. "Unafanya kazi!" alikuwa akisema, akigonga meza kwa kidole. "Kama ukuta haufanyi kazi, mbona jela iko nao?" Mwenye hoteli alikuwa ameshajua kusogeza vikombe mapema.

Alinifundisha jiografia miaka minne katika shule ya sekondari iliyo juu kidogo ya mji mdogo wa Mogogosiek. Yeye akastaafu, mimi nikawa karani wa kituo cha kununulia majani chai kilicho nyuma ya shamba lake. Kwa hiyo nilimwona karibu kila siku ya utu uzima wangu, mara nyingi akiwa amekasirika. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la kahawia na mwavuli ambao sijawahi kuuona umefunguliwa, na hii ni nchi ambayo mvua inakuja kila alasiri kama mtu wa zamu. Mwavuli ulikuwa wa kuchorea ramani kwenye matope. Ungemuuliza njia ya kwenda Londiani, angekuchorea Londiani, Nakuru, Bonde la Ufa na kipande cha Ethiopia, nawe ungelowa ukimsikiliza.

Darasani alikuwa na msemo wake: "Nchi bila mpaka ni uji bila bakuli." Siku moja mwanafunzi mmoja alichora ramani ya Afrika Mashariki akasahau mstari kati ya Kenya na Uganda. Mwalimu hakumchapa. Alimsimamisha mlangoni, mguu mmoja ndani ya darasa na mwingine nje, kipindi kizima, akatangaza, "Huyu sasa ndiye Malaba, pale mpakani. Msimwongeleshe bila pasipoti." Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi, na wapo watu wazima wenye wajukuu ambao hadi leo wananiita Malaba.

Kipindi hicho hicho, mimi nikiwa bado nimesimama pale, alitufundisha kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa mezani na watu ambao viatu vyao havikuwahi kuona tope letu. Aliwasema vibaya kwa nusu saa. Kisha akafuta ubao akasema, "Ni mipaka ya kijinga. Lakini ni mipaka. Mtaiheshimu." Hatukujua tuandike lipi kwenye daftari, tukaandika yote mawili.

Mimi mwenyewe alinihesabu mtu wa ng'ambo. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, nami nikazaliwa hapa hapa katika nyumba za wafanyakazi, lakini kwa Mwalimu hilo halikubadilisha kitu. "Wewe uko hapa kwa visa ya baba yako," alikuwa akiniambia. Sasa baba alipofariki, na desturi yetu ikataka azikwe kwao, ni Mwalimu aliyepanda nyuma ya lori na kukaa karibu na jeneza safari nzima, akiwatajia waombolezaji mito yote tuliyoivuka. Tulipofika nyumbani kwetu alishuka, akajipangusa vumbi, akamsalimu shangazi yangu kwa lugha ya kwao, "Chamgei, mama. Hapa sasa mimi ndiye mgeni, nionyeshe pa kukaa." Alikaa siku tatu na kukoleza moto wa matanga. Sijamsahau kwa hilo.

Alipostaafu alijenga ukuta wake.

Si seng'enge, si ua wa michongoma kama sisi wengine. Ukuta wa mawe, wa kumfika mtu mrefu kidevuni, kuzunguka ekari mbili za chai na nyumba ya mabati ya bluu. Katikati ya chai ile kulikuwa na njia ya miguu iliyokuwapo kabla ya chai yenyewe, na kila asubuhi wanawake wa mteremko wote walipita hapo na vikapu mgongoni kuleta majani kituoni kwangu. Mwalimu alisema hiyo si njia, ni uvamizi. Watu wanakanyaga miche, wanachuma mawili matatu wakipita, na wanaongea kwa sauti wakati wa taarifa ya habari.

Fundi alikuwa Mkisii mmoja mcheshi aliyejenga nusu ya majengo ya Mogogosiek. Siku alipofika pale penye njia alisimama na mwiko mkononi.

"Mwalimu, na njia?"

"Njia gani?"

"Hii nimesimama juu yake."

"Hiyo zika," Mwalimu akasema, akaingia ndani kusikiliza redio.

Ukuta ulipokamilika, wa kwanza kufika alikuwa jirani yake, mama mmoja aliyepita miaka sabini tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Aliutazama. Akachukua gunia, akalitupa juu ya mawe, akapanda kwa kushikilia vitu ambavyo mimi nikiwa upande wa pili sikuviona, akakaa pale juu amejitanda leso kama yuko kanisani. "Penye nia pana njia," akatuambia, kisha akaitisha kikapu chake apewe kutoka chini. Wiki ilipoisha mawe kadhaa yalikuwa yameshatolewa mahali pa kuweka vidole vya miguu. Mwalimu akapachika vigae vya chupa juu. Wanawake wakaanza kutandika magunia mawili badala ya moja. Mwalimu akaongeza mstari wa mawe, wao wakaleta kigoda.

Jioni alikuja kituoni na kijitabu. "Juzi walivuka kumi na tisa. Leo kumi na wanne. Umeona, karani? Unafanya kazi."

"Mwalimu, hao watano wamepitia kwa maharagwe ya Kogo."

"Hao si wangu," akasema, akafunga kijitabu.

Lakini maharagwe yalikuwa ya Kogo, na Kogo si mtu wa kunyamaza. Alipeleka kesi kwa kokwet, ule mkutano wetu wa majirani ambao hauna ofisi wala muhuri na unaogopwa kuliko korti. Walikaa kwenye nyasi kando ya barabara tangu saa nne hadi mvua ilipoanza. Mwenyekiti, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, aliuliza, "Hii njia ni ya nani?" Wakajibu, yetu. "Na ukuta?" Wakajibu, wa Mwalimu. Akasema basi hakuna kesi ngumu hapo. Kwa desturi yetu unaweza kufungia ng'ombe, unaweza kufungia mwizi, lakini mtu aliyebeba mzigo hafungiwi njia aliyoikuta. Ukuta ubaki, njia ibaki. Fundi aweke ngazi ya mbao pande zote mbili, pana ya kumtosha mama mwenye kikapu.

Mwalimu alisimama na hati ya shamba, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni.

"Hii title deed inasema nini?"

"Mwalimu, sisi hatujasema si shamba yako," mwenyekiti akamwambia kwa upole. "Tumesema tu watu watapita."

Hakuongea na mtu wiki nzima, isipokuwa mimi. Mimi hangeweza kuniepuka kwa sababu alikuwa na chai.

Na hapa ndipo ilipojulikana kwamba kinyozi hajinyoi. Mwalimu wa ramani, mtu aliyeweza kuchora mkondo wa Nile akiwa amefumba macho, alikuwa ameweka geti lake upande wa lami ili magari ya wageni yalione. Gari hakuwa nalo. Kituo cha majani kiko nyuma. Kwa kuwa aliapa hatatumia ngazi ya kokwet, wachumaji wake walilazimika kubeba magunia hadi barabarani, wateremke hadi madukani, kisha wapande tena kilima kuja kwangu. Chai ni kitu chenye hasira. Ukiichuma juani, ukaishindilia kwenye gunia na kuizungusha kijiji kizima, inajipika yenyewe. Nilitia mkono ndani nikautoa haraka kwa joto. Majani yalikuwa mekundu, nikayakataa.

"Karani, hiyo si red. Hiyo ni kivuli ya kofia yako."

"Sijavaa kofia, Mwalimu."

"Mimi ndio nilikufundisha!"

"Ndiyo. Ulinifundisha kuheshimu mpaka, na mpaka wa majani ndio huu."

Alinitazama muda mrefu, na nadhani kuna mahali moyoni alifurahi. Alirudi na gunia lake. Yalipokataliwa mara ya pili, niliona asubuhi yake kikapu kikijitokeza juu ya ukuta, halafu mchumaji wake, na chini ya ngazi Mwalimu mwenyewe ameishikilia isiyumbe, mwavuli kwapani. Kabla sijafungua kinywa alinyoosha kidole. "Hii si kuvuka mpaka. Hii ni biashara ya nje."

Mkewe, Mama Chebet, hakuwa na haja ya falsafa. Aliona kila asubuhi kuna foleni ya watu chini ya ngazi, akaweka pale meza, thermos mbili za chai na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Wavamizi wakawa wateja. Mwalimu aliwafokea kutoka dirishani, "Hapo si soko!" kisha baada ya dakika tano alitoka kuuliza kama sukari imetosha. Kama kulikuwa na mama aliyekuja na mtoto mgongoni na mvua imeanza, ni yeye aliyemwingiza sebuleni, akamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na kumweleza ubaya wa kupita kwenye mashamba ya watu.

Nisiwe mchoyo: ukuta ule ulikuwa na faida zake. Ng'ombe wa jirani waliacha kuingia kwenye mboga. Mwizi aliyezoea kubeba mabati na majembe hakuonekana tena. Mwalimu alituhesabia faida hizi hotelini kila tulipokaa, nasi tulilazimika kukubali, kwa sababu zilikuwa kweli.

Hotelini ndiko alikopatikana mtu wa kumkabili, naye alikuwa fundi yule yule.

"Mwalimu, mimi nimejenga ukuta karibu miaka thelathini. Ukuta haisimamishi mtu. Inamchelewesha tu."

"Kuchelewesha ni kusimamisha ambako hakujaisha!"

"Akileta ngazi?"

"Unaongeza urefu."

"Na yeye aongeze ngazi?"

"Unaongeza tena! Kwani wewe si fundi? Unakataa kazi?"

Tulicheka wote, fundi zaidi. Kulikuwa na mchuuzi wa viazi kutoka Londiani aliyekuja kila Alhamisi na pikapu yake, mtu mpole, hakujua historia ya mtu yeyote pale. Akasema, "Lakini mimi nilisikia kwa redio ati wengi hata hawarukangi hiyo ukuta ya Marekani. Wanaingianga na ndege, visa iko, wanapewa hata soda huko juu. Visa ikiisha wanakaa tu. Sasa hao, ukuta inawasaidia na nini?"

Mwalimu alitazama kikombe chake. Akasema maziwa yameganda, akachukua mwavuli, akatoka akiacha chapati nzima kwenye sahani.

"Kwani nimesema nini mbaya?" mchuuzi akauliza.

Nilimwambia maziwa yalikuwa yameganda kweli. Hayakuwa yameganda, lakini mimi nilijua jambo ambalo wengine pale mezani hawakulijua.

Kitinda mimba wake, Chebet, alikuwa Marekani. Alikwenda kusoma, na karibu kila nyumba ya mteremko ilichangia harambee ya kumsafirisha. Alisoma miaka miwili, mambo ya karo yakamshinda, akaanza kufanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba yao moja huko, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Visa ikaisha. Akabaki. Hakupanda ukuta wowote. Aliingia mlangoni, akagongewa muhuri, akakaribishwa. Lakini sasa akitoka tu, hata kwa wiki moja, mlango ungefungwa nyuma yake kwa miaka mingi. Kwa hiyo hakuwa amekuja nyumbani miaka kumi na mmoja. Mwalimu alinieleza haya yote kwa kunong'ona, ijapokuwa kituoni tulikuwa wawili tu na mizani.

Alinieleza kwa sababu alinihitaji. Simu inashika vizuri pale kituoni, na vidole vyake vilikuwa vinene kwa zile alama ndogo za kupiga simu ya picha. Nilimpigia, nikamshikia simu, nikajifanya nahesabu magunia huku nikisikiliza kila neno. Kitu kimoja kilinishangaza. Kila mara alihakikisha mimi ndiye ninayeupa ukuta mgongo, yeye akiwa na chai tupu nyuma yake. "Sogea huku, karani, huku kuna mwanga." Mwanga ulikuwa ule ule. Mtu aliyeutetea ukuta wake mbele ya kokwet, mbele ya fundi na mbele ya Mungu alikuwa anamficha binti yake asiuone.

Siku moja nilithubutu. "Mwalimu, sasa ule ukuta wa Marekani unauteteaje, na Chebet yuko huko hivyo?"

"Chebet hakuuruka. Mtoto wangu aliingia kwa mlango."

"Lakini hakutoka."

"Karani," akasema, "pima majani."

Halafu Mama Chebet akapigwa na kiharusi. Alikuwa anamwaga chai ya mteja pale chini ya ngazi, kikombe kikamponyoka, na mkono wa kushoto haukutii tena. Alirudi kutoka hospitalini mdomo umepinda upande, anashikwa kwenda chooni, analishwa uji kwa kijiko. Mwalimu alimlisha mwenyewe. Nilimkuta akimlisha huku akimweleza jinsi nchi ya Chile ilivyo ndefu na nyembamba, naye mama amefumba macho, sijui kwa usingizi au kwa uvumilivu.

Jioni ya tatu alikuja kituoni. "Andika," akaniambia. "Chebet mpendwa. Kuhusu: ugonjwa wa mama yako."

"Mwalimu, kwa simu hatuandiki 'kuhusu'."

"Andika."

Nikaandika. Alieleza mvua, akaeleza bei ya mbolea, akaeleza ng'ombe aliyezaa. Kisha akatazama huko miteremko ya chai inakoshukia mtoni, akasema, "Usije." Nikangoja. "Weka hivyo. Usije. Ukitoka hapo hawatakufungulia tena, na wewe una maisha yako hapo. Mama anakula vizuri. Tuma."

Nilituma. Ilikuwa kazi mbaya kuliko kukataa majani ya mjane.

Mwalimu alikuwa amesahau kwamba kiharusi kilichukua mkono, hakikuchukua akili. Chebet alipiga simu ya mama siku ya pili, na Kogo, aliyekuwa amemshikia simu sikioni, ndiye aliyetusimulia. Maneno yalitoka polepole, moja moja, na kila moja lilifika. "Nani alisema mimi nakula? Baba yako ni mwalimu ya ramani. Hapana mwalimu ya watoto. Kuja."

Akaja.

Siku ya kufika kwake Mwalimu alivaa tai. Aliwapanga getini watu wa kwaya, mchungaji, mwenyekiti wa kokwet na fundi, wote wakiitazama lami, kwani hatimaye kulikuwa na gari la kupita kwenye geti lile. Mimi nilikuwa kazini, lori la kiwanda halingoji harusi wala kilio. Saa tano hivi nikaona gari la kukodi likija kwa barabara ya nyuma, ile ya zamani, ambayo ndiyo Chebet aliyoijua tangu utotoni. Akashuka na masanduku mawili, mwanamke mnene kiasi mwenye miwani, akanipungia mkono, akashika njia ya miguu bila hata kuangalia chini. Alikwenda hatua ishirini akakutana na mawe.

"Malaba," akaniita, maana hata yeye alikua akisikia jina hilo, "hii ni nini?"

"Ni ukuta wa baba yako."

"Wa nini?"

Nilianza kumweleza, nikaona siwezi. Alitazama vigae vya chupa, akatazama ngazi, akaketi juu ya sanduku akacheka hadi miwani ikamtoka, na nusu ya kile kicheko ilikuwa kilio. Wachumaji walishabeba masanduku. Likapita moja, likapita la pili, naye akapanda akisukumwa na mama wawili kutoka chini, akateremkia upande wa nyumbani. Kwaya bado inaitazama lami.

Nilizunguka mbio kwenda kuwaambia, lakini vigelegele vya Kogo vilinitangulia kutoka jikoni. Mwalimu aligeuka.

"Amepita wapi?"

"Juu, Mwalimu."

"Bila kubisha?" akauliza. Akaanza kukimbia kuelekea jikoni, koti likipepea, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia tangu nimjue. Kwaya ikaimba hata hivyo, kwa sababu ilikuwa imefanya mazoezi.

Miezi mitano baadaye Mama Chebet alikuwa anatembea kwa fimbo na kugombana na kila mtu, na hizo zilikuwa habari njema. Chebet alimnyoosha mkono kila asubuhi jinsi alivyofanyia wazazi wa watu wengine huko. Vikongwe wa mteremko walikuja kupimwa presha, wengine hata hawakuwa wagonjwa. Lakini nilimwona akitazama simu yake. Mzee mmoja ambaye Chebet alimtunza miaka minne alikuwa amefariki kule, naye alizipata habari zimeshapoa. Kurudi Marekani hangeweza. Akatafuta kazi kama ile Uingereza, safari hii kwa karatasi zote halali, akajaza fomu, akampa baba yake bahasha aipeleke Kericho: vyeti vigongwe muhuri kwa wakili, kisha vitumwe kutoka saiba, duka la kompyuta za kulipia.

Mwalimu alikwenda. Akarudi akasema muhuri umepatikana lakini mtandao hakuna. Wiki iliyofuata akaenda tena, mtandao hakuna. Wiki ya tatu Chebet aliniuliza, "Kericho mzima hakuna network?" Nikamwambia mimi sijui mambo ya Kericho.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni alasiri ya wiki hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imepita, lori limechelewa, wachumaji wamekwenda nyumbani. Mwalimu alikuja akakaa juu ya rundo la magunia matupu, mwavuli kati ya magoti.

"Siku hizi hubishani hotelini," nikamwambia. "Fundi anauliza kama umeokoka."

"Mwambie ukuta unafanya kazi." Alisema kwa sauti ya chini, bila kugonga kitu.

"Huu wako?"

"Ule wao. Ulimzuia miaka kumi na mmoja asije kwetu. Sasa unamzuia asirudi kwao."

Akanitazama.

"Nimesema kwao?"

"Umesema, Mwalimu."

Aliuzungusha mwavuli kati ya magoti. Kisha akasema, "Karani, mimi nafurahi. Asubuhi nikisikia anagombana na mama yake jikoni, mimi nafurahi sana. Na najua nyumba yake huko imefungwa, vitu vyake viko kwa watu, marafiki wake wanazikana bila yeye. Na bado nafurahi. Hiyo si tabia ya mzazi."

Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwonea huruma. Nilimwambia tu kwamba hata mimi ningefurahi.

Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha ya kaki, imekunjamana kwa wiki tatu za kubebwa kifuani. "Kericho network iko," akasema. "Iko sana. Hata nilikaa mbele ya ile kompyuta, kijana wa watu akaniuliza mara tatu, mzee, tunatuma? Nikamwambia bado." Alitoa karatasi akazipanga juu ya meza ya mizani, vyeti kwanza, kisha fomu, zote zimegongwa muhuri. "Tuma na simu yako. Harakisha, kabla sijapata sababu nyingine."

Upepo wa baada ya mvua ulikuwa unazipeperusha, ikabidi azishikilie kwa mikono miwili nikipiga picha ukurasa mmoja mmoja. Ule wa mwisho ulitokea na kidole gumba chake pembeni, ukucha mweusi kwa utomvu wa chai. Nilitaka kurudia, lakini yeye alikuwa tayari amegeuza uso, anatazama barabara ya lori, basi nikautuma hivyo hivyo.